Laptopu Imezima Katikati ya Apdeti ya BIOS? Tulia Kwanza, Usikimbilie Mothabodi Mpya

Wengi wenu mnasoma hii makala na simu, kwa sababu laptopu ndiyo imelala. Najua hiyo form. Uliona ujumbe wa apdeti, ukabonyeza sawa, halafu stima ikapotea ama mashini ikaganda njiani. Tangu hapo ukibonyeza kitufe cha kuwashia, taa inawaka, feni inazunguka kidogo, lakini skrini ni nyeusi tii. Hakuna nembo, hakuna Windows, hakuna kitu. Na kama umeshapita kwa fundi, pengine ameangalia dakika mbili akakuambia, "Mothabodi imekufa hii."

Mimi niliambiwa maneno hayo hayo hapa Kitale. Wiki moja baadaye, nikiwa Bungoma, mashini yangu iliwaka na mothabodi ile ile iliyosemekana imekufa. Kwa hivyo kabla hujatoa chapaa, soma hadi mwisho. Tutaangalia kitu gani hasa kimeharibika, hatua za kujaribu kuanzia zile za bure, na vile utabonga na fundi ukiwa na rada.

Stori yangu kwa ufupi

Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikataa. Kitu nilichobaki nacho ni laptopu moja ya ex-UK, na hiyo ndiyo mboka yangu: naandika, natuma, nalipwa kwa kila kazi. Laptopu ikilala, hata rent ya keja inalala.

Microsoft walipoacha kutunza Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, nikaamua kuhamia Windows 11. Windows 11 inataka vitu kama TPM 2.0, na mahali fulani nikasoma kuwa kuapdeti BIOS kunaweza kusaidia. Sikufikiria mara mbili. Ilikuwa saa kumi jioni, mawingu yameshashika upande wa Elgon, na betri yangu ilikuwa imechoka hadi haiwezi kukaa dakika tano bila chaja. Radi ikapiga, stima ikaenda, laptopu ikazima ikiwa katikati ya kazi.

Hapo hakuna wa kulaumu. Betri mbovu, mvua, apdeti ya BIOS: hizo vitu tatu hazifai kukutana, na mimi ndiye nilizikutanisha.

BIOS ni kitu gani, na kwa nini inazima mashini yote?

Kwenye mothabodi kuna chipu moja ndogo yenye miguu minane, inatoshea kwa ukucha wa kidole kidogo. Ndani yake kuna programu ya MB 8, 16 ama 32, yaani ndogo kuliko video nyingi unazotumiwa WhatsApp. Hiyo ndiyo BIOS, ingawa mashini za siku hizi zinatumia aina mpya inayoitwa UEFI. Jina la zamani limebaki tu mdomoni.

Ukiwasha laptopu, prosesa haijui chochote. Haijui kuna RAM, haijui kuna skrini, haijui kuna diski. Maagizo ya kwanza kabisa inayasoma kutoka kwa hiyo chipu. Chipu ikiwa na maandishi mabovu, prosesa inabaki imesimama kama msee ameshushwa stage asiyoijua, saa sita usiku.

Sasa angalia vile apdeti inafanyika. Aina hii ya chipu huwezi kuandika juu ya maandishi ya zamani moja kwa moja. Lazima sehemu ifutwe kwanza, halafu iandikwe upya, sehemu baada ya sehemu. Stima ikipotea kati ya kufuta na kuandika, unabaki na chipu ambayo nusu ni ya zamani, nusu ni mpya, na katikati kuna shimo.

Shika hilo vizuri, kwa sababu ndilo linakuokolea doh: mara nyingi hakuna kitu kimeungua. Prosesa ni nzima, RAM ni nzima, diski ni nzima. Kilichopotea ni maandishi, na maandishi yanaweza kuandikwa tena.

Jua kwanza kama ni BIOS kweli

Dalili za BIOS iliyoharibika ni hizi: mashini ilikuwa poa kabla ya apdeti, ikazima wakati wa apdeti ama mara tu baada yake, na sasa inaonyesha dalili za uhai bila picha. Feni inazunguka, taa ya chaja inawaka, wakati mwingine inajizima na kujiwasha yenyewe.

Mashini nyingi pia zinaongea kwa taa. Kwa HP nyingi za miaka ya nyuma, taa ya Caps Lock ikipepesa mara mbili, ikanyamaza, ikarudia, inalalamikia BIOS. Kwa Dell nyingi, taa ya betri ikipepesa rangi ya chungwa mara mbili halafu nyeupe mara mbili, pia ni BIOS. Ukiona tatu na tatu, inakuambia imetafuta faili ya kujiokoa na haijaipata. Hesabu pole pole, rekodi video na simu, kisha linganisha na kitabu cha modeli yako kwenye saiti ya kampuni.

Lakini kama hakuna taa hata moja, hata ya chaja, usikimbilie kusema ni BIOS. Radi iliyopoteza stima inaweza pia kuwa imepiga chaja ama sehemu ya umeme ya mothabodi. Azima chaja ya mtu yenye nguvu sawa na yako, ujaribu nayo kwanza.

Hatua ya kwanza: ngoja

Hii ni ya bure na watu wengi wanairuka. Baada ya apdeti, mashini inaweza kukaa na skrini nyeusi dakika kadhaa na kujiwasha mara mbili tatu ikijipanga upya. Msee anaona giza, anashtuka, anashikilia kitufe hadi izime, na hapo ndipo anaiharibu kabisa.

Kama bado iko na umeme na taa inawaka, iache kwa chaja nusu saa. Nenda unywe chai. Baadhi ya mashini, kama ThinkPad za miaka ya hivi karibuni, zimewekewa nakala ya akiba ya BIOS, na zikiona ile kuu ina ngori zinajirekebisha zenyewe. Kazi yako ni kuziachia chaja na muda.

Hatua ya pili: maliza umeme wote

Toa chaja. Kama betri inatoka kwa nje, itoe. Kama iko ndani na unajua kutumia bisibisi, fungua kifuniko cha chini na uchomoe waya wa betri taratibu. Shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30. Rudisha chaja peke yake, jaribu kuwasha. Hii inasaidia kama mashini iliganda tu, bila maandishi ya BIOS kuharibika.

Hapa kuna uongo mmoja unazunguka mtaani: ati ukitoa ile betri ndogo ya duara inayofanana na ya saa, BIOS inarudi. Hapana. Hiyo betri inatunza saa na mipangilio, kwa mfano kama uanze na diski ama na flashi. Programu yenyewe ya BIOS imekaa kwa chipu na haihitaji betri kuishi. Kutoa hiyo betri kunafuta mipangilio mibovu, na wakati mwingine hiyo inatosha, lakini hakuwezi kurudisha maandishi yaliyofutika. Jaribu kwa sababu ni bure, usiweke imani yote hapo.

Hatua ya tatu: flashi ya uokoaji

Hii ndiyo hatua ambayo imeokoa laptopu nyingi bila fundi yeyote. Watengenezaji wanajua stima hupotea, kwa hivyo ndani ya ile chipu wanaacha kipande kidogo ambacho apdeti ya kawaida haikigusi. Kazi ya hicho kipande ni moja tu: kuamka, kutafuta faili nzima ya BIOS, na kuirudisha mahali pake.

Unahitaji flashi ya GB 32 ama chini ya hapo, na kompyuta nyingine, iwe ya beste ama ya cyber. Fanya hivi:

1. Geuza laptopu yako usome modeli kamili. "HP EliteBook" haitoshi, unataka jina lote hadi namba ya mwisho. Dell wana Service Tag yenye herufi na namba saba. Piga picha.

2. Kwenye kompyuta ya kuazima, nenda saiti rasmi ya kampuni, weka modeli, shuka hadi sehemu ya BIOS na upakue. Usichukue faili kutoka saiti za ajabu ajabu. Faili ya modeli inayofanana na yako si faili yako.

3. Fomati flashi kwa mtindo wa FAT32. Hapo kila kitu ndani ya flashi kinafutika, kwa hivyo hamisha picha zako kwanza.

4. Kwa HP: fungua ile faili uliyopakua, na kwenye orodha chagua kutengeneza flashi ya uokoaji. Soma vizuri hapo! Ukichagua kuapdeti, utakuwa unaigusa BIOS ya mashini ya watu wa cyber, na hiyo stori itaishia pabaya.

5. Kwa Dell: nakili faili kwenye flashi, halafu ibadilishe jina iwe BIOS_IMG.rcv, bila kitu kingine mbele ama nyuma. Kama Windows inaficha mwisho wa majina ya faili, washa kwanza uone jina lote.

Sasa rudi kwa mgonjwa wako. Chomeka flashi mashini ikiwa imezima.

HP: weka chaja. Shikilia kitufe cha Windows pamoja na herufi B, halafu, bila kuachilia, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde mbili ama tatu. Achilia hicho cha kuwashia, lakini endelea kushikilia vile viwili. Skrini inaweza kubaki nyeusi kama sekunde 40 na unaweza kusikia milio. Usishtuke. Ikikataa, rudia ukitumia Windows na V.

Dell: hii inafanya kazi kwa modeli za kuanzia mwisho wa 2015 hivi. Toa chaja, hakikisha mashini imezima. Shikilia Ctrl na Esc, halafu ukiwa umezishikilia chomeka chaja. Ukiona ukurasa wa kurudisha BIOS, achilia na ufuate maagizo.

Acer na wengine: modeli nyingi za Acer za zamani hutumia Fn na Esc, lakini jina la faili linabadilika kutoka modeli moja hadi nyingine. Tafuta modeli yako kamili kabla ya kubahatisha.

Jaribu matundu yote ya flashi, kwa sababu kuna mashini zinasoma tundu moja tu wakati wa uokoaji. Jaribu flashi nyingine pia. Mimi sikubahatika, yangu ilikataa kila kitu. Lakini ukijaribu hivi vizuri kwa saa moja, hakuna doh umepoteza.

Hatua ya nne: kuandika chipu yenyewe

Hapa ndipo nilipofika nikiwa nimechoka. Fundi wa kwanza pale Kitale alikuwa amenipa chaguo mbili: mothabodi ya kutolewa kwa laptopu nyingine kwa thao 14, ama yeye anunue mashini yangu kama spea kwa thao tano. Nilikaa nje ya duka lake nikihesabu. Thao 14 sina. Thao tano nalipa nusu ya rent na ninabaki bila mboka. Maze, nilikaribia kuuza.

Aliyenizuia ni beste yangu anayesoma Kibabii. Akaniambia, "Usiuze. Kuna fundi huku Bungoma anaandika chipu. Lete kwanza aangalie." Nikarauka asubuhi, nikapanda mat pale Kitale, Kiminini, Kamukuywa, Misikhu, nikashuka Webuye na kubadilisha gari hadi Bungoma. Laptopu nimeipakata kama mtoto.

Fundi huyo hakusema "mothabodi" hata mara moja. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Kijana, nani mwingine ameifungua?" La pili, "Ilikuwa inafanya nini ikizima?" Nikamweleza. Akatikisa kichwa, akatoa kifuniko, akachomoa betri zote mbili, ile kubwa na ile ya saa. Halafu akatoa kile kifaa kidogo cha kuandikia chipu, mafundi wanakiita programa, maarufu zaidi ni CH341A. Kina waya na klipu inayouma ile chipu yenye miguu minane kama kibanio cha nguo, bila kulehemu kitu.

Akasoma chipu, akahifadhi nakala. Akaisoma mara ya pili, akalinganisha nakala zote mbili kama zinafanana. Halafu akanigeuzia skrini yake. Maandishi yalikuwa yanashuka vizuri, namba na herufi zimechanganyika, mara ghafla ukurasa mzima ni FF FF FF FF FF, hadi chini. "Unaona hapa?" akasema. "FF ni mahali pamefutwa, hapajaandikwa. Stima yako ilipotea hapa."

Hakuna kilichoungua. Karatasi ilikuwa tupu tu.

Akachukua BIOS ya modeli yangu kutoka kwa faili ya kampuni, akaipandikiza ndani ya nakala aliyosoma kutoka chipu yangu, akaandika, akahakiki. Ilichukua chini ya saa moja. Alipowasha, skrini ilibaki nyeusi kama dakika nzima na mimi moyo uko kwa koo, halafu nembo ikatokea. Alinichaji thao mbili. Kama ningeuza kule Kitale, mtu mwingine angelipa hizo thao mbili na kupata laptopu nzima.

Maswali ya kumuuliza fundi kabla hujamwachia mashini

Si kila mtu mwenye klipu anajua kazi. Uliza haya, bila kiburi, halafu usikilize anavyojibu:

*"Utahifadhi nakala ya chipu yangu kabla ya kufuta?"* Lazima jibu liwe ndiyo. Ndani ya chipu hiyo kuna nambari ya mashini yako, na kwa laptopu zilizouzwa na Windows 8 kuja juu, ufunguo wa leseni ya Windows pia. Ukifuta bila nakala, vitu hivyo vinapotea.

*"Faili utaitoa wapi?"* Jibu zuri ni la kampuni, ikipandikizwa kwenye nakala yako. Fundi akichukua chipu nzima ya laptopu ya mtu mwingine na kuibandika kwako, mashini inaweza kuwaka lakini na shida: ina nambari ya mwenyewe, feni inapiga kelele, ama inajizima kila baada ya dakika 30. Hiyo ya dakika 30 hutokea kwa mashini za Intel wakati sehemu inayoitwa ME haijakaa sawa.

*"Hii chipu ni volti ngapi?"* Kuna chipu za volti 3.3 na za 1.8, na zinafanana sana kwa macho. Kwa mfano W25Q64FV ni ya 3.3, lakini W25Q64FW ni ya 1.8. Herufi moja tu ya mwisho. CH341A peke yake haifai kwa zile za 1.8, inahitaji adapta. Fundi asiyejua tofauti anaweza kuunguza kitu ambacho kilikuwa kizima.

*"Ukishindwa, nalipa ngapi?"* Kubalianeni kabla. Na omba risiti, hata ya mkono.

Kitu kingine: kama diski inatoka, itoe ubaki nayo. Kuandika BIOS hakuhitaji diski yako. Piga picha ya RAM na nambari zake pia. Si kwamba mafundi ni wezi, ni kwamba ukirudi ukute RAM imepungua, hutakuwa na la kuonyesha.

Na data yangu je?

Hii ndiyo habari njema. BIOS iko kwa chipu yake, faili zako ziko kwa diski. Apdeti ikikwama haigusi picha, kazi wala masomo yako. Hata mashini isipowaka kamwe, diski inaweza kutolewa na kuchomekwa kwa kompyuta nyingine.

Lakini kuna mtego mmoja, na uliniuma. Laptopu nyingi za Windows zinafunga diski kwa BitLocker, wakati mwingine bila wewe kujua. BIOS ikibadilika, ama mothabodi ikibadilishwa, Windows inashuku mashini imeibwa na kukuonyesha ukurasa wa bluu unaotaka ufunguo wenye tarakimu 48. Pale Bungoma furaha yangu ilikatika hapo hapo. Bahati nzuri ufunguo huwa unahifadhiwa kwa akaunti yako ya Microsoft ikiwa uliitumia kuingia, na nikaupata kwa simu. Kwa hivyo kama unasoma hii na laptopu yako bado inawaka, ingia kwa akaunti yako leo, tafuta huo ufunguo na uuandike kwa karatasi. Bila ufunguo, hakuna fundi wa Kitale, Bungoma wala Nairobi atakufungulia.

Na hapo unaona tena kwa nini kukimbilia mothabodi mpya ni hatari: unalipa doh nyingi, na bado unaweza kufungiwa nje ya data yako mwenyewe.

Wewe si wa kwanza

Usijione mjinga. Tarehe 26 Aprili 1999, kirusi kilichoitwa CIH, wengine walikiita Chernobyl, kililipuka siku moja na kufuta BIOS za kompyuta nyingi, hasa Asia. Desemba 2017, wenye Ubuntu walilazimika kuondoa toleo lao la 17.10 kwenye intaneti kwa muda, kwa sababu lilikuwa linaharibu BIOS za baadhi ya laptopu, nyingi zikiwa za Lenovo. Na mwaka wa 2024, wenye HP ProBook 455 G7 walilalamika kuwa apdeti ya BIOS iliyojileta yenyewe iliziacha mashini zao zimelala. Hao hata hawakukosa stima.

Kabla hujaapdeti tena

Jiulize kwanza kama unahitaji. Sababu nzuri zipo: tundu la usalama limezibwa, kama lile la LogoFAIL lililotangazwa Desemba 2023, ama mashini yako ina shida ambayo kampuni imesema apdeti inaitibu. "Nimeona tu kuna mpya" si sababu.

Ukiamua kufanya, fuata haya. Betri iwe nzima na ijae kupita nusu, na chaja iwe imechomekwa. Kama betri yako imekufa kama yangu ya zamani, nunua betri kwanza. Fanya asubuhi, si alasiri ya msimu wa mvua, wewe mkazi wa Kitale ama Bungoma unajua anga letu vile hubadilika. Hifadhi kazi zako mahali pengine. Simamisha BitLocker kwa muda. Funga programu zote. Tengeneza ile flashi ya uokoaji mapema, ukiwa bado na mashini inayowaka, uiweke kwa droo. Halafu ukishabonyeza, usiguse kitu, hata ikikaa kimya vipi.

Na angalia orodha ya apdeti za Windows kabla ya kukubali zote kwa pamoja. Ukiona neno firmware, hiyo ni BIOS ama ndugu yake. Usiikubali ukiwa ndani ya mat ama stima ikiwa inachezacheza.

Kwa kumalizia

Ukiambiwa mothabodi imekufa baada ya apdeti ya BIOS, uliza swali moja tu: "Umesoma chipu?" Kama hajasoma, hajapima. Anabahatisha, na doh ya kubahatisha ni yako. Ngoja nusu saa, maliza umeme, jaribu flashi, halafu tafuta mtu mwenye klipu hata kama ni mji wa pili.

Mimi hii makala nimeiandika na mashini hiyo hiyo. Betri ni mpya. Na Windows ni 10 bado, sina haraka.